Nataka kuanzisha kampeni ndefu ya gemu ya mezani huku Lamu, GM ajiandae vipi?

mtanga_wa_amu:

Assalam aleikum ndugu zangu, na wengine wote hamjambo. Mimi niko Lamu, Langoni. Tuna kikundi chetu cha watu sita, kila jioni tuko barazani na dumna au karata, sasa binamu yangu akarudi kutoka Mombasa na kitabu cha Dungeons & Dragons (gemu ya kusimulia kisa ambamo kila mchezaji anashika mhusika wake) pamoja na zile dadu zenye pande nyingi, tukaijaribu, watu wakanogewa mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Wamenichagua mimi niwe GM, yani yule anayeshika ulimwengu, anayewasemea watu wote ambao si wachezaji na kuamua kinachotokea. Kazi yenyewe nimeipenda na nataka niifanye ipasavyo. Sitaki visa vya jioni moja moja, nataka kampeni, kisa kimoja kirefu kinachoendelea kikao kwa kikao, wahusika wanakua, wanapata marafiki na maadui, mpaka kifike mwisho wake.

Yanayonisumbua ni haya. Matayarisho yanatakiwa kiasi gani, niandike kisa chote mwanzo mwisho au niandike nini hasa? Halafu wawili wetu ni wavuvi, mmoja ana boti ya kupeleka wageni Shela na Manda, mwengine anasomesha chuo cha Kurani, kwa hivyo kupata siku ambayo wote sita wapo ni kazi. Kitabu nacho ni Kizungu kitupu na ulimwengu wake ni wa ngome za kwenye theluji na mashujaa waliovaa vyuma mwili mzima, mimi nataka watu waone pwani yao. Na la mwisho, wazee nyumbani wakiona dadu wajua moja kwa moja ni kamari. Aliyewahi kuendesha kampeni ndefu huku kwetu naomba anielekeze, twataka tuanze baada ya Ramadhani inshallah.

kisima_cha_gede:

Waaleikum salaam mdogo wangu. Mimi niko Malindi, naendesha kampeni na vijana wa mtaani hapa na bado twacheza. Swali lako la kwanza ndilo zito kwa hivyo nitakaa hapo, mengine wenzangu watajibu.

Usiandike kisa. Nakwambia kwa moyo mmoja manake hapo ndipo GM wengi wapya wanapomalizia nguvu zao. Ukiandika kisa mwanzo mwisho, wachezaji wakifika njia panda ya kwanza watashika kushoto na kurasa zako zote ziko kulia, ndo utaanza kuwasukuma, kila mlango wanaougusa umefungwa isipokuwa ule wako, na mtu akishajua uamuzi wake haubadilishi kitu anaacha kufikiria, anakaa tu kusubiri aambiwe rusha dadu.

Unachoandika ni watu na haja zao. Chukua mfano. Waijua Takwa pale Manda, mji wa mawe uliohamwa karne ya 17, na sababu inayotajwa sana ni visima kuingia chumvi. Sasa chukua mji wa namna hiyo, upe jina lako mwenyewe, na uanze kampeni msimu ule ambao maji ndo kwanza yanabadilika ladha. Weka watu watatu. Yupo mzee mwenye kisima cha mwisho kitamu, hataki wajukuu zake waihame ardhi ya babu zao na yuko tayari kuwafungia majirani ili maji yadumu. Yupo nahodha anayeleta maji kwa mitungi kutoka ng'ambo na kuyauza, biashara imemnyookea, hana haja visima vipone. Na yupo bibi mmoja tajiri, mwenye nyumba ya ghorofa, huyu ameshaamua kwamba mji mzima uhame kwa pamoja na anatafuta watu wa kwenda kukagua ardhi upande wa pili bila habari kusambaa, manake zikisambaa watu watakimbia mmoja mmoja na mji utasambaratika. Kila mmoja ana haki yake. Hapo hujaandika hata mstari mmoja wa kisa lakini kisa kipo, wachezaji wakimsaidia yeyote kati ya hao wanawaudhi wawili waliobaki.

Halafu kila mmoja umuandikie atafanya nini asipopata wa kumzuia. Mimi nachora duara kwenye karatasi nalikata vipande 6, chini yake naandika "mzee afunga kisima". Wachezaji wakipoteza muda au wakishindwa jambo kubwa, natia kivuli kipande kimoja. Likijaa, limetokea, na sitafuti njia ya kuliahirisha. Wako GM wanaolificha duara, mimi naliweka katikati ya mkeka kila mtu alione, wanapata haraka wenyewe bila mimi kusema neno.

Kwa hivyo matayarisho ya kila kikao ni karatasi moja. Kikao kilichopita kiliacha nini wazi, nani amekasirika na atafanya nini, majina kama kumi ya watu yaliyo tayari (manake watakuuliza jina la hata muuza samaki uliyemtaja kwa kupita tu, na ukisita sekunde tano wanajua huyu hana maana), sehemu mbili tatu na kwa kila sehemu kitu kimoja cha kuonekana au kunuswa. Forodhani kunanuka sifa (mafuta ya papa) iliyopakwa mashua mpya, basi, inatosha, vichwa vyao vitamaliza. Na kabla hawajainuka kwenda zao uliza: kikao kijacho mnaelekea wapi? Wakikujibu unatayarisha huko tu, kwengine kote achana nako.

mwana_wa_shela:

Mwanangu mtanga_wa_amu, mimi ni mama wa watu wazima, wanangu wanachezea sebuleni kwangu na mimi hucheza nao. Hili la dadu usilichukulie wepesi na usibishane na wazee. Kuna wanaoona dadu haifai hata pasipo pesa, wana hoja zao za dini, na nyumba ni yao.

Sisi dadu tuliziacha kabisa. Tulichukua vizibo vya soda 20, wakavisugua, ndani ya kila kimoja wakabandika kikaratasi chenye namba kuanzia 1 hadi 20, mimi nikashona kifuko kwa mabaki ya leso. Badala ya kurusha unatia mkono unakoroga unatoa kimoja. Ukikirudisha kila mara ni sawasawa na dadu ya pande 20, kila namba ina nafasi moja kati ya 20, hakuna tofauti hata chembe. Lakini tukaja kuona utamu mwengine, usivirudishe mpaka viishe vyote. Hapo kila namba itatoka mara moja tu katika mikono 20, kwa hivyo mtu akitoa 2, akatoa 1, akatoa 4, hakati tamaa, anajua mfukoni zimebaki kubwa na anaanza kuthubutu mambo, na yule aliyetoa 20 mapema anatembea kwa hadhari. Kila mchezaji lakini awe na kifuko chake, kimoja cha wote kinaleta ugomvi wa nani amemmalizia nani namba nzuri.

Hakuna cha kuwekeana wala cha kuliwa, na wazee walione hilo kwa macho yao, wakaribishe wakae. Mkwe wangu alikaa pembeni na gazeti lake siku ya mwanzo, haijafika Isha alikuwa akiwaambia vijana hiyo njia ya maji mliyoshika ina mwamba, rudini mpite nje. Watu wa rika lake wamekulia na ngano na tenzi, mtu kumsimulia Fumo Liyongo kwao si jambo geni, kigeni ni vile vitabu vyenye picha za mashetani kwenye jalada. Hivyo viache ndani ya begi.

Na kikao cha kwanza msicheze. Watu wanakiita kikao sifuri. Kaeni mle, mnywe chai, mkubaliane kisa kiwe cha namna gani, kizito au chepesi, vita vingi au maneno mengi, na kila mtu aandike kwenye kikaratasi bila jina kitu ambacho hataki kikutane naye mchezoni. Kwa sisi majini na kupagawa si hadithi tu, kuna mtu ana ndugu anaumwa nyumbani na watu wamesema maneno, hutajua mpaka umguse pabaya. Unavisoma vikaratasi kwa sauti, huulizi nani wala kwa nini, hivyo havitaingia. Kisha weka karata moja katikati ya mkeka, mchezoni mtu akiigusa mnaruka tukio hilo mara moja mnasonga mbele. Yule anayesomesha chuo muulize yeye mwanzo kabisa, peke yake, kwa adabu, akiwa na raha na mchezo wengine watakuwa na raha. Adhana ikilia mnasimama hata kama upanga uko hewani.

pepo_za_kusi:

Nimesoma nikashindwa kunyamaza manake hili la siku na hili la ulimwengu kwangu ni jambo moja.

Anza na wavuvi wako. Ratiba yao haifuati Jumatatu na Ijumaa, inafuata bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) na maji mafu (yakisogea kidogo tu), ukiwawekea kila Alhamisi kikao kimoja watakuja na viwili hawatakuja na lawama utaitia kwao. Waulize ni siku zipi za mwezi hawatoki, mwezi huu wa angani namaanisha, kisha weka kikao hapo. Bamvua hurudi takriban kila siku 15, kwa hivyo mnapata kikao kimoja kila baada ya wiki mbili na hakuna haja ya kukumbushana kwa simu, kila mtu akiangalia bahari anajua. Mwenye boti ya wageni na mwalimu wa chuo ni rahisi kuwapanga kufuata hao kuliko hao kuwafuata wao. Na mkubaliane kikao sifuri kwamba wakifika wanne mnacheza, msisubiri sita, kusubiri sita ndiko kunakoua kampeni.

Sasa kampeni yenyewe iweke ndani ya chombo. Wachezaji wote ni watu wa chombo kimoja, kila kikao kinaanzia na kuishia bandarini au chomboni, asiyekuja leo mhusika wake amebaki kufua maji ya ngama, yale yanayoingia chini ya chombo, au kulinda shehena, hakuna wa kueleza amepotelea wapi. Na msichague jahazi kubwa, wape mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja na tanga lake mkeka. Huo unavuja. Upe chombo pointi zake za uhai, sema 12, kila wakifanya uzembe baharini kamba zinalegea pointi zinashuka na zinarudi tu wakipata ufuo wa kukivuta, kamba mpya na siku kadhaa za kushona. Utashangaa watu watakavyokipenda hicho chombo, watakiogopea kuliko roho za wahusika wao.

Na kalenda ni pepo. Kaskazi inavuma takriban Disemba mpaka Machi, inaleta vyombo kutoka Arabuni na India, kusi inaanza Aprili na kuendelea mpaka kama Septemba na ndiyo inayovirudisha, na katikati yake Juni na Julai bahari imechafuka, mtu mwenye akili hatoki. Kwa GM hii ni zawadi kubwa sana manake kila safari ina muda wa mwisho ambao hukuutunga wewe, hakuna wa kukulaumu. Ukichelewa upepo unakaa ugenini miezi. Wakikubishia kwamba upepo haukuwa na maana hivyo waambie habari ya Vasco da Gama, aliondoka Malindi Aprili 1498 na rubani aliyepewa na mfalme wa hapo, kusi ikiingia, akafika upande wa Calicut kwa wiki tatu na ushei. Kurudi hakungoja kaskazi ishike, akaondoka pwani ya India Oktoba, akaingia Malindi Januari 1499, miezi mitatu majini na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye. Maji ni yale yale. Hapo unaweza kuwawekea wachezaji uamuzi mkali kabisa: wana deni linalowangoja Lamu, kaskazi haijakomaa, je waondoke leo au wangoje wiki sita na deni likue? Usiwaambie lipi sawa, kaa kimya waachie wagombane.

Ukitaka mwaka, mimi ningeweka mwanzoni mwa karne ya 15, Wareno hawajafika, miji yote ina wafalme wake na hasadi zake, Pate, Manda, Malindi, Mombasa, Kilwa. Bidhaa zipo tele, boriti na pembe za ndovu na ambari zinaenda, nguo za India na sahani za China na tende zinakuja. Na kuna kazi moja ningewapa wachezaji macho yakifumbwa: mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme wa China. Wachezaji wako wasimpeleke mpaka China, wape hatua ya kwanza tu, wamtoe bara mpaka bandarini na wamuingize chomboni akiwa hai. Anakula nini, shingo itakaa wapi tanga likigeuzwa, nani atakubali kulala karibu na miguu yake, na nani kule Mombasa angefurahi twiga asifike. Hiyo ni vikao vitatu vinne na huenda asichomoe mtu hata kisu.

dadu_mbili:

Yote mazuri ila hakuna aliyegusa sheria zenyewe. Watu sita na D&D, mapigano yatawachosha. Hesabu tu, ukimtoa GM wachezaji ni watano, kila mmoja akitumia dakika 3 kwa zamu yake mzunguko mmoja ni dakika 15, na hujamhesabu GM na maadui zake. Mimi nashauri mfumo wa dadu mbili za kawaida, zile za ludo za dukani. Unarusha mbili unajumlisha na uwezo wako. Ukipata 10 au zaidi umefaulu, 7 mpaka 9 umefaulu lakini kuna gharama, 6 kushuka chini GM anasogeza balaa. Ni mtindo ulioanza kuenea 2010 na sheria zake zinaingia ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Utamu uko pale katikati. Kwa dadu mbili kuna njia 36 za kuanguka, 15 zinakupa 7 mpaka 9, na ukiwa na uwezo wa kuongeza 1 zinakuwa 16, kwa hivyo jibu linalokuja sana ni "ndio, lakini". Umefika ukutani lakini kamba imekatika. Mzee amekubali kukupa maji lakini anamtaka mdogo wako abaki kwake mpaka urudi. Kisa kinajisukuma chenyewe, hukai ukawaza nini kitokee sasa.

kisima_cha_gede:

dadu_mbili kaka yangu mfumo huo naujua na naupenda, ila hapa tutofautiane. Watu wake wameshanogewa na D&D, wamekwisha onja kupanda levo na kupata uwezo mpya, ukiwanyang'anya hiyo kabla hawajaanza utawavunja. Kinachotakiwa ni kupunguza. Kanuni moja tu ya kuelewa: toa namba, ongeza uwezo wako, ufikie lengo. Rahisi 10, wastani 15, ngumu 20. Mtu mwenye uwezo wa 5 akikabili 15 anahitaji 10 kwenda juu, hizo ni namba 11 kati ya 20, asilimia 55. Hali ikimpendelea anatoa mara mbili anachukua kubwa. Mchezaji akijua hayo anaweza kucheza jioni nzima, mengine atayajua akiyafikia.

Kwa vifuko vya mama wa Shela nafasi hiyo ya kutoa mara mbili inabidi ufikirie, ukitoa viwili visirudi mfuko unaisha haraka, mimi ningerudisha kile kidogo ndani. Hapana, nimefikiri tena, kile kidogo kikirudi kitakusubiri mbele na hiyo ni adhabu kwa jambo lililokuwa zawadi. Vitoke vyote viwili.

Mapigano marefu dawa yake iko kwa GM. Maadui wote wacheze zamu moja kwa pamoja, kabla mtu hajamaliza zamu mwambie anayefuata "wewe ndo unakuja", na muhimu kuliko yote maadui wawe na akili, mharamia gani anapigana mpaka mtu wa mwisho? Wakipigwa wawili wanaruka majini, vita vimekwisha, endeleeni.

Kuhusu Kizungu, kuna toleo la sheria za msingi za D&D lililotolewa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, maana yake una ruhusa kamili kuzitafsiri, kuzichapa na kuzigawa bure mradi utaje zimetoka wapi. Usitafsiri zote, utafia hapo. Tafsiri karatasi ya mhusika na ukurasa mmoja wa vitendo vya kwenye mapigano, chapisha nakala sita. Na wahusika wasichague kutoka kitabuni, waulize wewe ni nani chomboni? Nahodha, rubani wa kujua nyota, fundi wa kushona, mganga, mkalimani, mfanyabiashara mwenye shehena yake. Wakishajibu wewe ndiye utafute kitabuni uwezo unaofanana. Yule mvuvi wako akiwa rubani atajua mambo ambayo wewe huyajui, muachie, akisema hapa pana mkondo basi pana mkondo.

mtanga_wa_amu:

Wallahi sijui niwashukuru vipi, mama yangu wa Shela na kaka zangu wote. Nshaongea na mwalimu wetu wa chuo, hana neno ila ameomba vizibo badala ya dadu na mambo ya kuagua yasiwepo, na hilo la majini amesema bora tuandike vile vikaratasi. Wavuvi wamefurahi mno kuulizwa habari za bamvua, mmoja ameanza kunieleza njia ya kupita mlango wa Pate usiku kama vile nimemwambia twaondoka kesho.

Nabakiwa na mawili. Kuna mmoja wetu ni mkimya sana, akicheza dumna anashinda wote lakini hapa akiulizwa unafanya nini anasema "nawafuata tu". Na la pili, nikishamtengeneza mtu kama yule bibi wa ghorofa, wachezaji wakimuua kikao cha kwanza nifanyeje?

mwana_wa_shela:

Mkimya usimuulize "unafanya nini", hilo ni swali pana na macho yote yanamgeukia. Muulize kitu chenye majibu mawili tu: umeshika usukani, mbele kuna mwanga, unauendea au unaukwepa? Atajibu. Na mpe jambo ambalo ni lake peke yake, awe ndiye anayejua lugha ya wageni, kwa hivyo mgeni akisema neno wewe unamnong'oneza yeye sikioni, na wengine itabidi wamuulize yeye. Mwanangu wa pili alikuwa hivyo hivyo. Usimlazimishe kuongea kwa sauti ya mhusika, akisema "namwambia tusubiri" inatosha kabisa, kuigiza si sharti. Kuna watu raha yao ni kusikiliza na kufanya jambo moja kubwa kila kikao, na wao ni wachezaji kamili.

kisima_cha_gede:

Wakimuua wamemuua, usimfufue na usimkinge na mlinzi anayechomoza ghafla, watakuona. Rudi kwenye karatasi yako uangalie alitaka nini na nani anabaki kulitaka. Mpango wa kuhamisha mji haukufa naye. Ana mtoto, ana mtumishi aliyejua siri, sasa siri iko kwa mtu mwenye hofu zaidi na subira ndogo, na duara lake unalijaza vipande viwili kwa mpigo. Ndiyo maana nilisema andika haja. Kabla hawajampiga lakini waambie kwa uwazi, "huyu ana watu wake, mkimuua mji mzima utajua kabla ya alfajiri, bado mnataka?" Mhusika angejua hilo, mchezaji huenda hakuwaza.

pepo_za_kusi:

Na kabla hujaanza amua kampeni inaisha lini, uwaambie. Mzunguko mmoja wa pepo, kaskazi ya kwanza mpaka kaskazi ya pili. Kwa kikao kimoja kila bamvua mkianza baada ya Ramadhani mtapata mwaka mzima wa kutosha, toa Ramadhani ijayo, toa siku za Maulidi manake Lamu yote itakuwa na wageni na boti ya mwenzenu haitapumzika. Kila msimu uwe na jambo lake. Kaskazi ya kwanza shehena na deni, kusi safari ya mbali, miezi ile ya bahari chafu wamekwama mji mmoja hawawezi kutoka na hapo ndo unawatia kwenye fitina za mjini, demani, kusi ikishalegea, kutengeneza chombo na kurudi, kaskazi ya pili wanafika nyumbani na kila waliyemuudhi njiani ameshatangulia au ametuma barua. Ramani chora mwenyewe kwenye karatasi ya manila, pwani tu kutoka Pate mpaka Kilwa, visiwa uviache bila majina ila vile wanavyovijua, na kalamu umpe yule mvuvi aliyeanza kukueleza habari za mlango wa Pate.